Katoni ya Samaki Iliyoshuka Kasenga

Kiangazi kilichopita nilipeleka samaki Kasenga. Katoni nzima ya tomson, samaki wa baharini waliogandishwa, kutoka soko la Lubumbashi hadi ukingo wa Luapula.

Sisi tuliokula likizo zetu huko tunajua samaki walikuwa na njia moja tu: kutoka mtoni kuja mjini. Malori yalisimama njiani, Kasomeno, yamejaa vikapu vya samaki wa moshi, nasi juu ya mizigo tukafika nyumbani tunanuka moshi mpaka kwenye nywele. Kwa Mama Mudogo Agata, mdogo wa mama yangu, tulikula bukari, ugali wetu, na samaki waliovuliwa alfajiri, mikono ingali na mchanga wa mtoni. Watoto wa leo wakiona mwiba kwenye sahani wanataka kupelekwa hospitali.

Enzi hizo Mama alitufungia mzigo mwenyewe. "Munyu, sabuni, mukate. Basi. Kupeleka samaki kule ni kubatukana."

Safari hii Mama Mudogo ndiye aliyepiga simu. Nyavu za wanawe, alisema, zinatoka na majani matupu. "Mayi iko, samaki haiko. Uniletee tomson, mutoto wangu. Lakini ufunike."

Nilifunika kwa kitenge. Barafu ikayeyuka njiani, na tulipokuwa tunavuka uwanja, jirani akapaza sauti: "Eh, Mama Agata! Muzigo ya bageni iko nakojoa!"

"Ni nyama!" Mama Mudogo akajibu, akaongeza mwendo. Mimi sikuinua macho.

Aliwakausha tomson wale nyuma ya nyumba, kwenye kichanja kilekile cha zamani. Jioni akaweka sahani mbele ya mwanangu, niliyemleta auone mto ninaojisifia kila siku.

"Kula, bwana yangu. Hii ni ya mu Luapula, ya kwetu."

Mtoto huyu mjini hukataa tomson. Hapo alilamba vidole. Mama Mudogo hakuniangalia, nami nikaendelea kufinyanga bukari iliyokwisha kupoa.

Zamani tulirudi mjini na kikapu cha samaki. Mwanangu amerudi na majigambo. Shuleni anawaambia wenzake kwamba samaki wa kwao hawafanani na hawa wa sokoni. Juzi aliniomba kiangazi hiki twende na rafiki yake, naye akaonje.

Jana Mama Mudogo alipiga simu. Anaomba katoni mbili.