Nikimtafuta Mtu wa Kunipima

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa siku niliyojifungia chooni kazini nikakataa kutoka. Ofisi yetu ni ya wakili mmoja, vyumba viwili juu ya duka la dawa, hatua chache kutoka mahakama ya Makadara, na mimi ni karani wake kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Asubuhi hiyo mafundi walikuwa wanatoboa ukuta wa jirani kwa mashine, simu mbili zinalia kwa pamoja, na mteja mmoja mzee amenishika mkono ananieleza habari za shamba lake. Nilimwachia faili, nikaingia chooni, nikaketi sakafuni na kuziba masikio kwa mtandio wangu.

Wakili alikuja kugonga mlango. "Unaumwa?"

"Siumwi. Naomba dakika mbili."

Dakika mbili zikawa saa nzima. Nilipotoka, mteja alikwishaondoka na wakili alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ananisubiri. Ni mwanamke mkali, lakini siku hiyo alisema polepole.

"Dada yangu ana mtoto mwenye usonji. Huwa nakutazama wewe na hizo faili zako, na vile unavyokasirika mtu akikuhamishia kalamu. Sisemi unao. Mimi si daktari. Lakini nenda ukapimwe na mtu anayejua kazi yake."

Nilicheka. Kwangu mimi usonji ulikuwa jambo la watoto wasiosema. Lakini tangu siku hiyo sikutulia. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu, saa ya chakula, nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa sikuweza. Nilijiona katika sentensi za watu nisiowajua. Nilikumbuka ile wiki waliyochimba njia ninayopita kwenda kazini kutoka nyumbani Jericho. Siku ya kwanza nilifika pale kwenye shimo, nikageuka, nikarudi nyumbani, nikasema ni malaria.

Katika hospitali ya umma niliambiwa anayepima watu wazima haji kila siku, nijiandikishe, nitaitwa. Nilijiandikisha. Kusubiri ndiko kulikonishinda, nikaanza kutafuta mtaalamu wa kujitegemea.

Wa kwanza nilimwona kwenye tangazo. Alikuwa na chumba ghorofa ya tatu, kando ya barabara ya Jogoo, na kuta zake zilijaa vyeti vilivyotiwa fremu za rangi ya dhahabu. Hata sijakaa vizuri, akatabasamu.

"Dada yangu, hii yako nimeiona tangu ulipoingia."

"Umeionaje?"

"Macho. Hunitazami."

Nilikuwa ninatazama vyeti. Kazi yangu ni kukagua karatasi kabla hazijapelekwa mahakamani, na vyeti viwili pale vilikuwa na sahihi moja ileile, wino uleule, hata mkia wa herufi ya mwisho umekatika mahali pamoja, ilhali vilidai kutoka vyuo viwili tofauti.

"Nambari yako ya leseni ni ipi?" nikamuuliza.

Tabasamu likaisha. "Wewe umekuja kutibiwa au umekuja kupeleleza?"

Akaendelea hata hivyo. Barua yangu ingekuwa tayari Ijumaa. Na alikuwa na matone ya kuweka chini ya ulimi, asubuhi na jioni, ambayo yangeniondolea usonji katika miezi sita. Nikasimama, nikaaga, nikateremka ngazi.

Aibu yangu ni hii: nilipofika chini, nilisimama mlangoni nikataka kurudi juu. Nilijua kabisa kwamba ananidanganya. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ndiyo, na nilikuwa nimeitamani hiyo ndiyo kiasi kwamba ningeipokea hata kutoka kwake. Nilizunguka lile jengo mara tatu kabla miguu haijakubali kwenda nyumbani.

Wa pili nilimpigia simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka, nikasikia watoto wanalia nyuma yake.

"Miaka yako?"

"Thelathini na tisa."

"Mimi hupima watoto. Nikikupima wewe nitakuwa nabahatisha." Nilidhani atakata simu, lakini akaendelea. "Yupo mwenzangu mmoja Buruburu ambaye hufanya kazi na watu wazima. Namwamini. Lakini muulize maswali hata yeye. Muulize kama amepima wanawake wa umri wako. Muulize atakwambia nini akikuta si usonji. Akiudhika, ondoka."

Nikaandika maswali kumi na moja. Niliyaandika upya mara nne, nikayatuma. Siku alizokaa kimya sikuwa mtu wa kuishi naye. Nilipanga vyombo vya jikoni, nikavipangua, nikavipanga tena, hadi mama akaniuliza kama tunahama.

Majibu yalikuja siku ya tano, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa maswali yangu. Leseni aliiandika kwanza. Nilipiga simu kwa wanaosajili wataalamu hao, wakanithibitishia jina na nambari. Lakini kilichonikamata ni jibu la swali la nane. Nilikuwa nimemuuliza ana hakika gani kwamba hatakosea. Akajibu: "Naweza kukosea. Ndiyo maana sikupimi kwa siku moja, na ndiyo maana nataka kuzungumza na mtu aliyekulea."

Hapo nikaogopa upya. Aliyenilea ni mama.

Mama ana kibanda cha leso katika soko la Jericho. Nilimkuta anakunja mali mpya.

"Mama, kuna mtaalamu anataka kukuuliza habari za utoto wangu."

Mikono ikasimama. "Utoto wako una kesi gani?"

Nikamweleza nilivyoweza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha sauti jirani asisikie.

"Mwanangu, unataka kuandikwa mwendawazimu? Umesoma, una kazi, unaswali. Una kasoro gani?"

"Sijui, mama. Ndiyo naenda kuuliza."

"Na ukiambiwa, utapona?"

"Si kitu cha kupona."

"Basi unakwenda kutafuta nini?"

Niliondoka nikatembea hadi Makongeni na kurudi, na jibu sikulipata. Wiki mbili hatukulitaja jambo hilo. Mimi nilikwishakwenda Buruburu mara mbili peke yangu. Mtaalamu ni mwanamke mtu mzima, chumba chake kina viti vitatu na kabati. Siku ya kwanza, kabla ya swali lolote, aliniuliza kama taa inanisumbua, akaizima. Hakuniambia ninao wala sina. Kila nilipombana, alisema, "Bado sijamsikia mama."

Asubuhi moja mama akatoka chumbani amevaa buibui lake la safari. "Huyo mtu wako tunamwona lini?"

Tulikwenda Jumamosi. Mtaalamu alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba huku ameshika mkoba magotini kana kwamba atanyang'anywa.

"Alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Mzuri."

"Kitu gani kilikuwa kinamsumbua?"

Mama aliuweka mkoba sakafuni. Kisha akasema, bila kunitazama, "Lebo za nguo. Zilikuwa zikimchoma shingoni, analia mpaka anapoteza sauti. Nikawa nazikata, na ule ukingo naushona upya kwa uzi laini. Hata sasa. Nguo zake za Idi huzikata lebo kabla sijampa."

Nilikuwa sijui. Miaka yote nilidhani mama ana bahati ya kununua nguo zisizo na lebo.

"Na shuleni? Madrasa?"

"Madrasa alikuwa akitapika wenzake wakisoma kwa pamoja. Nikamwendea ustadhi nikamwomba amkalishe mlangoni. Akakubali, Mungu amlipe."

"Ulimweleza mtu mwingine yeyote?"

"Nimweleze nani? Niliona mtoto anataka nini, nikampa. Sikujua kama kina jina."

Niliinuka nusu, nikakaa tena. Mtaalamu akaniona. "Ukitaka kusimama, simama." Nikasimama, nikawa natembea kati ya dirisha na mlango, saa nzima, huku mama akinisimulia mimi kwa mtu mwingine.

Ripoti ilikuwa tayari baada ya wiki tatu. Mtaalamu alinisomea jibu mwenyewe: ni usonji. Akanionyesha pia asichokuwa na hakika nacho, yaani kama wasiwasi wangu umetokana na huo au unajitegemea, na akaniambia nani wa kumwona kuhusu hilo. Nilidhani nitalia. Badala yake nikamwambia, "Ukurasa wa nne umeandika tunaishi Makongeni. Hatujawahi kuishi Makongeni."

Akatazama. "Kweli. Kosa ni langu." Akasahihisha papo hapo, akachapisha upya, akatia sahihi. Yule wa ghorofa ya tatu angeniuliza kama mimi ni mpelelezi.

Wakili aliisoma yote, kisha akauliza, "Unataka nini kibadilike?" Meza yangu sasa iko chumba cha nyuma, na simu zinapokelewa mbele. Siku nyingine bado natembeatembea kati ya makabati bila sababu, na sijui kama hilo litakwisha.

Mama aliniomba nimsomee ripoti kwa Kiswahili. Nilikuwa natafsiri aya kwa aya, yeye anakunja leso, hadi nilipofika panapoeleza kwamba nilianza kusema nikiwa na miaka mitatu.

"Miaka mitatu? Nani kamwambia mitatu? Ulisema ukiwa na miwili na nusu."

"Ni wewe uliyemwambia, mama."

"Basi nilikosea. Nilimwogopa yule mwanamke. Andika miwili na nusu."

Nikachukua penseli nikaandika pembeni, na mama akainama kuhakikisha nimeandika sawasawa.