Kitani Nilichokitoa Majini

Shemeji yangu alisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua Nchelenge. Shemasi wa kanisa letu alisema kwa upole zaidi kwamba watu wenye karatasi za shule hawakai, wanapita. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, mke wa huyo shemeji, hakusema kitu mbele yangu. Lakini nilimsikia jikoni akimwambia jirani kwamba tangu utotoni naanza vitu vingi na vyote naviacha katikati. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu wote watatu wako hai na wote wanajua kusoma.

Nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na diploma ya kilimo. Wazazi wetu walivuka ziwa wakikimbia vita mimi nikiwa mgongoni, tukakulia upande huu wa Zambia, Kiswahili nyumbani na Kibemba barabarani. Kurudi ng'ambo kusoma yalikuwa mawazo yangu mwenyewe na jasho langu mwenyewe. Miaka mitatu nilibeba magunia ya samaki wakavu sokoni alfajiri, na saa mbili nilikuwa darasani nikinuka. Katika mtihani wa mwisho nilikuwa wa pili kati ya wote. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Nasema tu ilivyokuwa.

Nilirudi kwa sababu mama alikuwa mgonjwa. Nilifika Alhamisi, tukamzika Jumanne. Sikulia. Watu waliliona hilo, na wengine wakadhani ni majivuno ya shule. Hayakuwa majivuno. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: unajua uko pale, unaugusa, lakini hausikii kitu.

Desemba ziwa likafungwa kama kila mwaka, ili samaki wazae. Nyavu za shemeji zikatundikwa ukutani. Ofisi ya kilimo ilinipokea vizuri, ikasifu diploma yangu, ikaniambia nisubiri. Nikasubiri. Kila asubuhi nilitembea hadi Kashikishi, kwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na bandari, kwa sababu pale mtandao ulikuwa na nguvu na mwenye kibanda hakupenda maongezi. Hapo ndipo nilipoingia kwenye ule mchezo.

Ni mchezo wa kwenye simu ambao watu wa nchi nyingi wanaingia pamoja. Hakuna vita ndani yake. Unapewa kipande cha ardhi tupu na mikono yako, na kila kitu unachotaka unakitengeneza mwenyewe: kamba, ndoo, tofali, nguo. Nguo zinatoka kwenye kitani, mmea ambao sijawahi kuuona kwa macho na ambao shuleni kwetu haukutajwa. Una maua ya buluu. Unapanda mbegu, unapalilia, kisha unang'oa bua pamoja na mizizi, hukati. Unafunga miganda, unailoweka majini mpaka ganda lilegee, unaianika, unaivunja kwenye ubao, unaikung'uta, kisha unapitisha kwenye chanuo la misumari mpaka nyuzi zibaki peke yake, ndefu na laini. Kila hatua ina muda wake, na muda unaendelea kuhesabika hata ukiwa umezima simu.

Niliupenda kwa sababu haukuniuliza najisikiaje.

Nilijiunga na kijiji kimoja ndani ya mchezo. Mkuu wake alikuwa mwanamke ambaye katika maisha ya kweli anaendesha basi katika mji fulani wa Ulaya. Tulikuwa tukiandikiana kwa Kifaransa. Alinipa mbegu za ghala la kijiji na kiwanja karibu na bwawa la kulowekea. Wiki mbili za kwanza alinisifu mara tatu. Sikuwa nimesifiwa na mtu tangu mtihani, ukiacha ile ofisi.

Nyumbani walishangaa. Yaya aliniuliza iko nini mu ile telefone.

"Shamba," nikasema.

"Shamba ya nini?"

"Ya kitani, yaya. Inatoa nguo."

"Basi nifumie kitenge. Hii yangu imeisha."

Shemeji alikuwa mlangoni akiangalia mvua. "Diplomé," akasema, "hii mvua iko inanyesha pia mu shamba yako, ao ni kwetu tu?"

Kosa langu lilitokea Januari. Nalieleza vizuri kwa sababu lilielezwa vibaya na wengine.

Nyuma ya nyumba ya yaya kuna kijito chenye vidimbwi, na kila mama wa pale ana kidimbwi anacholowekea mihogo. Mihogo inakaa majini siku tatu au nne mpaka ilainike. Ikipita hapo inaharibika. Sasa, mwenyewe akiwa hayupo, yuko msibani au hospitalini, anayefika kwanza anaitoa, anaimenya, anaianika juu ya mwamba. Haombi ruhusa. Hangoji shukrani. Wiki tuliyomzika mama hakuna mtu wa kwetu aliyekumbuka mihogo. Yaya alipokwenda kijitoni alikuta kapu limejaa mihogo mikavu, imefunikwa kwa majani ya ndizi. Hatujui hadi leo ni nani.

Basi asubuhi moja niliingia kwenye mchezo nikakuta miganda ya watu wanne bwawani, imepitiliza muda. Rangi yake ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Wenyewe hawakuwapo, mmoja wao akiwa mkuu wa kijiji. Nikaitoa yote, nikaianika ukingoni, nikazima simu, nikaenda kuteka maji ya yaya.

Niliporudi nilikuta jina langu limeandikwa kwenye ubao wa lango la kijiji, ambao kila apitaye anausoma.

Katika mchezo ule, alama ya mwenye mali inakaa juu ya mganda ukiwa majini tu. Anayeutoa ndiye anakuwa mwenyewe. Tena mganda unachukua daraja la ujuzi wa aliyeutoa, na ujuzi wangu ulikuwa wa chini kabisa. Miganda yao ilikuwa ya daraja la kwanza, kazi ya wiki nyingi, akiba ya kutengenezea hema kubwa la kijiji. Mikononi mwangu ilikuwa imegeuka takataka ya kuchochea moto. Sikuweza hata kuirudisha.

Mkuu wa kijiji aliniandikia faraghani. Hakutukana.

"Kwa nini hukuuliza kwanza?"

"Ilikuwa inaoza," nikaandika.

"Hata ikioza, ilikuwa yetu."

Nilimweleza habari ya mihogo. Nilimweleza na habari ya kapu. Ilichukua ujumbe mrefu, na ilikuwa mara ya kwanza kuandika kwa mtu yeyote kwamba mama amekufa. Mkuu akajibu kwamba ataandika neno *mkopo* mbele ya jina langu, mara nne, mstari mmoja kwa kila mtu, mpaka siku ya soko kuu la mchezo, mwishoni mwa Februari. Nikirudisha miganda ya daraja lile lile, kumi kwa kila mtu, na kila mmoja akaipokea kwa mkono wake, mistari itafutika. Nisiporudisha, kiwanja changu kitachukuliwa, nitaondoka kijijini, na mahali pa *mkopo* ataandika lile neno jingine. Ubao ule haufutwi na mtu aliyeondoka. Unabaki hivyo.

Mimi nimeitwa mambo mengi. Mwizi sijawahi kuitwa, hata sokoni Lubumbashi ambako kila mbeba mzigo anaitwa hivyo angalau mara moja. Kiwanja kile kilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho mwaka ule kilichokuwa kinakua. Sikusikia hasira wala aibu. Nilijua tu kwamba nitalipa.

Kupanda daraja kwa njia ya kawaida kulihitaji miezi mingi. Mimi nilitumia wiki sita. Hapa ndipo diploma ilipofanya kazi, watu wa Nchelenge wapende wasipende. Nilinunua daftari la shule, nikaandika kina cha maji, saa ya kuloweka, saa ya kutoa, rangi ya bua. Nikagundua kwamba wachezaji wote walikuwa wanatazama saa tu. Lakini kulikuwa na kitufe kidogo cha kukunja bua, ambacho hakuna aliyekijali. Mama hakuwahi kutazama saa mbele ya mihogo. Aliibonyeza kwa kidole gumba. Nikawa nakunja bua kila baada ya saa kadhaa. Likivunjika na ganda likateleza, natoa papo hapo. Likikataa, naliacha. Miganda yangu ilianza kutoka ya daraja la tatu, kisha la pili. Wiki ya tano nikatoa mganda wa kwanza wa daraja la kwanza, na mkuu wa kijiji akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia kwamba nimesoma kilimo.

Kisha mnara wa mtandao ukazimika. Mvua ilikuwa imepiga siku mbili, na pande zetu zote simu zikawa tochi tu. Nilikuwa nimeloweka miganda kumi na miwili, ya mwisho niliyohitaji, na muda wake ulikuwa unaisha siku ile. Mwenye kibanda alisema labda kesho, labda wiki ijayo.

Nilikuwa na laini ya Kongo kutoka enzi za Lubumbashi. Wavuvi wanajua kwamba ukifika kisiwa cha Kilwa, hapa hapa ziwani kwetu, simu inashika mtandao wa ng'ambo. Basi nikapanda boti la abiria pamoja na akina mama wenye kuku na mtu mmoja mwenye godoro. Mawimbi yalitulowanisha wote. Mama mmoja aliomba kwa sauti njia nzima. Mimi nilishika simu ndani ya mfuko wa plastiki, sikuogopa, na sisemi kwamba nilikuwa jasiri. Ndani yangu hakukuwa na kitu, basi.

Kilwa nilisimama juu ya jiwe kati ya nyumba za wavuvi, na mtandao ukaingia. Nikakunja bua. Likavunjika, ganda likateleza. Nikatoa miganda kumi. Miwili ilikuwa imeoza. Nilikuwa nimezidisha miwili tangu mwanzo, kwa sababu tulifundishwa hivyo.

Kesho yake nilipofika nyumbani shemeji alikuwa ameshasikia. Pande zetu habari inafika kabla ya boti.

"Ulienda Kilwa juu ya majani?" akauliza.

"Ndiyo, shemeji."

"Majani ya mu telefone."

"Ndiyo."

Nilimngoja anicheke. Akamwambia yaya anipashie moto bukari, ugali wetu wa mihogo, akarudi kutazama nyavu zake.

Siku ya soko kuu iliangukia Jumapili. Mtandao ulikuwa umerudi. Baada ya ibada nilikwenda kibandani na viatu vyangu vya kanisa. Mkuu wa kijiji alipokea wa kwanza. Alifungua kila mganda, akachambua nyuzi, akabonyeza *pokea*. Mstari mmoja ukafutika. Wa pili na wa tatu walipokea vilevile, na mmoja wao akanipa ndoo kama zawadi. Nikairudisha. Nilikuja kulipa, si kupewa.

Wa nne hakuwapo. Hakuwa ameingia kwenye mchezo kwa wiki tatu. Mkuu wa kijiji aliniandikia kwamba hawezi kufuta mstari ambao mwenyewe hajapokea miganda yake, mchezo haumruhusu, na soko likifungwa ubao utajiandika wenyewe. Alisema anasikitika. Alisema kama ni yeye angeuacha tu, ni mchezo. Nikamjibu kwamba nitasubiri.

Nilisimama na mtu wangu wa kwenye mchezo mbele ya mlango wa yule wa nne, miganda mgongoni, kuanzia saa sita. Saa saba. Saa nane. Mwenye kibanda alikula chakula chake, akaniuliza kama niko sawa, akalala kidogo kwenye kiti. Bandarini watu walikuwa wanapaka mitumbwi lami, ziwa lilikuwa karibu kufunguliwa. Saa tisa na nusu mlango ukafunguliwa na mtu akatoka.

"Wewe ni nani?" akaandika.

Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyetoa kitani chake bwawani.

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Sikumbuki. Nilidhani kiliozea mle."

"Hakikuoza. Nilikitoa. Hiki hapa."

Kisha miganda ikatoka mgongoni mwangu mmoja mmoja, kumi yote, na ujumbe mfupi ukaja: sawa, asante, lazima niende, mtoto analia. Mlango ukafungwa.

Nikatembea hadi langoni. Mstari wa nne ulikuwa umefutika. Jina langu lilibaki peke yake kwenye ubao, bila neno lolote mbele yake, kisha nalo likatoka, na ubao ukawa mbao tupu. Nilikuwa nimewalipa wote wanne. Nikaizima simu. Ndani yangu kitu kikaanza kuuma, kama ule mguu unapoamka, nikakaa pale kibandani nikimkumbuka mama.