Shemeji na Panya wa Mkia wa Buluu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, analea panya. Msicheke, ni kazi ya mshahara. Maabara ina chumba kizima cha panya weupe, yeye anawabadilishia maranda ya kulalia, anawapa chakula na maji, na kila asubuhi anawajulia hali kuliko anavyonijulia mimi.

Sasa tezi dume ikamvimba. Anaingia chooni, anasimama, anasubiri kama mtu aliyefika benki haijafunguliwa, anatoka na matone mawili. Daktari akamwambia huenda akapasuliwa. Kusikia kupasuliwa tu, hospitali haikumwona tena.

Bahati au balaa, maabara ikaleta utafiti wa ugonjwa huohuo. Panya wanachomwa sindano za homoni ya kiume mpaka tezi zinavimba, na baadhi yao wanapewa dawa iliyokamuliwa kwenye majani, ionekane kama inawakinga. Wakapakwa rangi mkiani: nyekundu, kijani, buluu. Shemeji hakuuliza rangi ipi ni ya nani. Mlezi wa panya aulize nini? Alitazama tu. Wa nyekundu wamejikunyata. Wa kijani afadhali kidogo. Lakini wa buluu! Manyoya yanang'aa, na maranda yao yamelowa mkojo kila kona.

"Buluu ndiyo dawa," akaniambia. "Shemeji, umewahi kumwonea wivu panya?"

Mtafiti, binti mmoja mpole, humwachia mabaki ya chupa za kila rangi akayamwage. Ya nyekundu akamwaga, ya kijani akamwaga. Ya buluu akaja nayo nyumbani. Kijiko asubuhi, kijiko jioni.

"Chungu?" nikamuuliza.

"Hata kidogo. Hawa watu wamesoma."

Na akapata nafuu! Yeye anasema mkojo unatoka kama bomba. Dada anasema, "Bomba gani? Jana kakaa chooni mpaka nikadhani kahamia." Mimi niko katikati, sijui nimwamini nani, na siwezi kuingia kupima.

Siku moja akaenda kumshukuru yule mtafiti. Binti akashika kichwa.

"Baba, umekunywa ya buluu? Ile ni mafuta ya mahindi!"

"Mbona wale wamepona?"

"Hawakupona. Hatukuwachoma homoni, hawajawahi kuumwa. Tunawapa mafuta matupu ili tuwalinganishe na wenzao."

Shemeji akafikiri. "Basi nipe ya kijani."

"Ya kijani wanaanza kunywa tezi bado haijavimba. Tunaangalia kama inakinga. Wewe umeshavimba, baba. Na wewe si panya."

Alinijia na maneno hayo yote yamechanganyikana kichwani.

"Ni kama mwavuli," nikajaribu. "Umeshalowa chapachapa, unaufungua wa nini?"

"Sawa. Na nafuu niliyopata ilitoka wapi? Kwenye mahindi?"

Nikamwambia mafuta ya mahindi ni ya kukaangia.

Akaacha mafuta. Wiki haikuisha, asubuhi moja hata tone halikutoka. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma, anatembea amepinda. Dada hakubishana naye, alimsukumia ndani ya teksi. Hospitali wakampitishia mpira, mkojo ukajaa mfuko, na yeye akalia kwa raha mbele za watu.

"Ungechelewa figo zingeharibika," daktari akamwambia. "Kesho tunakupasua. Unakubali?"

Shemeji akanigeukia mimi, macho kama ya mtu aliyeshuka kituo sicho.

"Wakinipasua nikapona, nitajuaje ni wao walioniponya? Si hata mafuta yaliniponya?"

"Shemeji," nikamwambia, "ukikojoa, kojoa tu."

Dada akamwambia daktari, "Amekubali."

Shemeji akamuuliza nesi kama mafuta aliyoyanywa yote yale yatawasumbua madaktari wakati wa kupasua.