Mkono wa Mama wa Mashine

Yule mama mpimaji wa altrasaundi hakumpaka mtoto ute wa kupimia ukiwa wa baridi. Kila mara aliufumbata kwanza kiganjani mpaka upate joto, ndipo aupake juu ya kope iliyofumbwa, huku akiimba puani. Getrude, aliyekuja hospitali ya Masasi na bintiye Dorika kutoka Kitangari, alimtazama kwa kijicho. Dorika huyo huyo, aliyezoea kuupiga mkono wa mama yake ukigusa tu shavu lake lenye baka jekundu, leo alilala kimya kama kifaranga chini ya vidole vya mgeni. Vidole vyenyewe vifupi, kucha zimekatwa hadi nyamani, vikitelezesha kifaa juu ya jicho lililovimba, kisha vikisubiri.

“Wapo wengine kama wewe,” yule mama alimwambia mtoto, macho yake kwenye kioo cha mashine. “Wekundu huu na presha ya jicho ni ugonjwa mmoja, tena adimu. Ndio ninaouchunguza. Umezaliwa nao.”

“Si mafuta ya korosho?” aliuliza Dorika.

Mkono wa yule mama ulitulia. Akamgeukia Getrude, akangoja. Tangu wanunuzi binafsi waingie na kila ua Kitangari ukawa wa kubangulia korosho, Getrude alikuwa akiwaambia watu, hata Dorika mwenyewe, kwamba mwanawe aliunguzwa na mafuta makali ya maganda yake. Afadhali waseme mama ni mzembe kuliko waseme mtoto ana mkosi.

“Umezaliwa nao, mwanangu,” alisema Getrude.

“Kumbe hukuniunguza, mama,” alisema Dorika, akiukumbatia mkono wa yule mgeni.