Kinu cha Mama Kwenye Maonyesho

Msanii kutoka Dar es Salaam alipita Mkunya, kijijini kwetu Newala, akiomba vinu vikuukuu. Mama yangu akampa chake bure, kwa kuwa siku hizi unga tunasaga mashineni. Maonyesho yalipofunguliwa Masasi, nikampeleka akakione.

Vinu vilikuwa vimepinduliwa na kupakwa rangi nyekundu. Mama alikitambua chake kwa ufa ambao marehemu baba aliuziba kwa bati. Juu yake alikaa bwana mmoja, akipigwa picha. Kwetu mtoto anayekalia kinu huchapwa, maana amemtukana mwenye kinu. Mama akamwambia taratibu, “Baba, hapo hapakaliwi.” Msimamizi akaja mbio, akamwambia mama asiwasumbue wageni, wameruhusiwa kukaa, ndiyo sanaa yenyewe.

Baadaye msanii akahutubia. Alisema kazi hii inawapa heshima wanawake wa Newala, ambao hakuna anayewasikiliza. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mama naye akapiga. Mimi nilikunja mikono.

Wakati wa kutoka, msanii yuleyule aliyekula mihogo uani kwetu alimpita mama mlangoni bila hata shikamoo.