Mguu wa Kulia wa Pikipiki

Mimba ya kwanza ya mke wangu ilitoka njiani, juu ya magunia ya mpunga, ndani ya lori lililokuwa linatutoa Ubaruku. Hakuna aliyetuambia kwamba sababu ilikuwa mitikisiko. Hakuna pia aliyetuambia kwamba siyo. Tangu siku ile nikawa naogopa mawe. Nilikuwa nikitembea nayaangalia barabarani jinsi mtu anavyomwangalia nyoka aliyelala.

Aliposhika mimba tena, mimi nilikuwa nasimamia madarasa ya elimu ya watu wazima kule Usangu, na nilikuwa nimepewa pikipiki ya kazi, ile ndefu ya kupita porini. Nesi wa hospitali ya misheni, juu milimani, alitaka mke wangu apande mapema na kusubiri huko mwezi wote wa mwisho. Lori sikutaka hata kulisikia. Nikaenda Mbeya mjini kwa fundi mmoja, nikamwomba anifundishe jinsi pikipiki inavyomeza jiwe.

"Mwalimu," alisema aliponiona natoa daftari, "hapa hatuandiki mashairi. Kalia."

Nilikaa. Akatupa gunia la mchele nyuma yangu. "Mama ni mzito kuliko hili?"

"Kidogo."

"Siku nikimwona nitamwambia umesema hivyo."

Akaniambia kwamba springi kazi yake ni kubeba, na mafuta kazi yake ni kutuliza. Nyuma, chini ya springi, kulikuwa na pete yenye ngazi. Nilipaswa kuigeuza mpaka tukikaa wote wawili pikipiki ishuke vidole viwili, isizidi. Mbele kulikuwa na miguu miwili ya chuma, na ndani ya kila mguu mafuta yalipita kwenye vitundu vidogo. Yakiwa mepesi mno, gurudumu litaruka kama mbuzi. Yakiwa mazito mno, mguu hautashuka, na jiwe utalipokea wewe. Niliandika yote. Usiku nilikuwa nayasoma kwa sauti ndogo, na mke wangu ananisikiliza, mkono wake uko tumboni.

Siku ya safari tulikuwa kwa wakwe zangu, wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Mchana, jua likiwa kali, nilimwaga mafuta ya zamani ya miguu ya mbele, nikapima mapya katika makopo mawili ya maziwa ya unga, nikayaweka kivulini, nikaenda kula. Niliporudi nikayamimina, kopo moja kila mguu. Mafua yalikuwa yameniziba pua kwa wiki nzima.

Mimi na mama mkwe hatukutazamana wala kusemeshana. Ndiyo heshima ya kwao. Akiwa na neno kwangu alimtuma binti yake, na binti asipokuwa karibu alimwambia ndama. "Wewe ndama, muulize mgeni kama uji umemtosha." Nami nilimjibu ndama. Siku ile, nilipokuwa nawasha, alisimama nyuma ya zizi akamwambia ndama jambo refu sana. Injini ilikuwa inanguruma. Nikampungia ndama mkono, tukaondoka.

Uwandani tulielea. Kila jiwe lilipita chini yetu bila neno, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane nilihisi mabega yangu yakishuka. Kisha njia ikaanza kupanda. Kona baada ya kona, hewa ikapoa, ukungu ukatushukia, manyunyu yakaanza. Usukani ukaanza kunigonga viganjani. Kidogo kwanza, halafu kama nyundo.

"Mwalimu," mke wangu alisema sikioni mwangu, "hilo limenifika mgongoni."

Nilipunguza mwendo. Jiwe jingine likamfika. Nikasimama.

"Tumbo limekaza," alisema.

"Anacheza?"

Alisikiliza kwa mikono. "Amenyamaza."

Niliubonyeza usukani kwa uzito wangu wote. Haukushuka. Ni mimi, niliwaza. Nimepima vibaya, nimemuua mwingine. Bisibisi ikaniponyoka mara mbili. Nilifungua skrubu ya chini ya mguu wa kushoto, nikakinga kopo. Mafuta yakachuruzika, mepesi, ya dhahabu. Nilifungua ya kulia. Hakikutoka kitu. Nikachokonoa kwa waya, nao ukatoka na utando mweupe.

Mke wangu akauchukua, akaunusa. "Samli ya mama."



"Aliniuliza kama mafuta yako ni ya kula," alisema polepole. "Nikacheka, nikaingia ndani kufunga mzigo. Ndama atakuwa amepiga teke kopo, naye mama akalijaza."

Kule chini, kwenye joto, samli ilikuwa maji. Huku ilikuwa imeganda, na mguu mmoja uliokaza ulikuwa umeushika na mwenzake.

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa anachemsha viazi. Hakuuliza mengi. Alimkalisha mke wangu karibu na moto, akanipa sufuria ya maji ya moto. Niliuzungushia mguu wa kulia kanga iliyolowa, nikaimwagia tena na tena, mpaka samli ikakubali kutoka. Mafuta ya kushoto nikayagawa nusu kwa nusu. Hayakutosha; tulipoendelea, gurudumu liliruka kama mbuzi, sawa na alivyosema fundi. Lakini lilimeza. Nilienda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa mguu, na kila kona niliuliza, "Bado amenyamaza?" na kila kona alijibu, "Bado."

Hospitalini nesi aliweka kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mtoto tumboni, akainamisha sikio. Alikihamisha. Akakihamisha tena. 

"Yupo," alisema. "Moyo unapiga vizuri."

Nilitoka nje nikashika usukani, nikawa naubonyeza na kuuachia, juu, chini, mpaka mlinzi akaniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Mama mkwe alikuja mtoto alipofikisha wiki tatu. Alikaa nyuma ya pazia akimpakata, na mimi upande wa pili.

"Mjukuu wangu," nilimsikia akisema, "mwambie baba yako kopo lile nililijaza mpaka juu. Sikumpunja."

Nilimjibu mtoto kwamba yalitosha.