Ushuhuda wa Kadi ya Picha

Shemasi wa kanisa letu ni mwizi. Naanza na hilo ili mtu asisome hadi mwisho akidhani nazunguka. Jina lake sitaliandika, lakini kila anayesali kwenye ule ukumbi wa kukodi pale Stechford anamjua. Ndiye anayepokea sadaka kwa mikono miwili, na buti la gari lake halikosi kompyuta za kuuza.

Mimi ni dereva. Kule Kivu, Kongo, nimeendesha malori ya mizigo miaka mingi, kwenye matope ya kumeza gurudumu zima, na siku moja kioo cha mbele kilipigwa risasi nikiwa nyuma yake. Nilifika na mzigo. Shuleni sikukaa sana, ila usukani naujua. Hapa Birmingham nikaanguka mtihani wa gari dogo mara mbili, na mara zote mbili kwenye kipilefti, ule mzunguko wa katikati ya njia panda. Kwetu tunaendesha kulia, hapa kushoto. Kichwa kilishakubali, mikono ndiyo iliyokuwa inabisha. Mara ya pili mtahini alishika dashibodi akapiga kelele kama mtoto anayenyolewa, halafu tuliposimama akaandika huku anatabasamu. Huyo naye simsahau.

Kwenye ghala ninakobeba maboksi, meneja alisema kuna van inataka dereva, na kwamba atanisubiri mtihani mmoja tu. Nikianguka tena, anampa mwingine. Mgongo wangu umechoka maboksi. Niliitaka ile van kama mtu anavyotaka kukaa chini.

Masomo ya barabarani ni ghali mno. Binti yangu akaniambia kuna mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori, una barabara za kushoto na vipilefti vya kila aina. "Just practise on that, Dad," alisema bila kuinua macho kwenye simu. Nilikuwa na kompyuta ya mezani ya zamani iliyotupwa na ofisi fulani. Nikafunga usukani wa plastiki kwenye meza ya chakula, nikawasha. Picha zikawa zinakwama. Nikiingia kipilefti lori linaganda, likija kuonekana tena limeshapanda maua. Binti akasema tatizo ni kadi ya picha, kile kipande chenye feni kinachochora vyote unavyoviona kwenye skrini. Yangu ilikuwa kama haipo.

Shemasi alisikia kabla sijamwambia.

"Papa, usihangaike na maduka. Miye niko na kadi mpya kabisa, nguvu sana, na haiombi waya wa ziada. Hiyo kompyuta yako ya kizee itaibeba tu."

"Na ikikataa?"

"Ikatae namna gani, papa? Si tunamtumikia Mungu mmoja?" Akacheka, akanipiga begani.

Nikamlipa taslimu. Nani atamwomba shemasi risiti? Mtu mliyepanga naye foleni ya maharage kwenye kambi ya wakimbizi, ukimwomba risiti umemtukana. Yeye alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Duka lake lote limesimama juu ya aibu yetu.

Jumapili, boksi likiwa bado limefungwa chini ya kiti changu, wakati wa shuhuda ukafika. Shemasi akainama sikioni mwangu. "Simama, papa. Mshukuru Mungu kwa mashine, wengine watiwe moyo." Nikasimama. Nikasema Mungu amenipa kadi kupitia mtumishi wake, na mtihani nitapita. Vigelegele! Mchungaji akavuta amina ndefu. Kabla chai haijaisha, watu walikuwa wamelizunguka buti la gari.

Nyumbani nikaichomeka. Kompyuta ikaandika jina la kadi mpya, sawasawa na la kwenye boksi. Nikaingia kipilefti. Lori likaganda palepale.

Nikampigia. "Umesimama mbele za Mungu ukashuhudia," alisema, sauti imebadilika. "Leo unataka kumfanya Mungu mwongo?" Nikaenda kwa mchungaji. Yeye akaniambia ushuhuda haurudishwi kama viatu. Projekta ya pale madhabahuni ilitoka kwenye buti lilelile, kwa hiyo sikushangaa, nilitema tu mate nje.

Nikaipeleka kadi mtaa wa Small Heath, kwa mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kampala mwenye duka la kompyuta zilizotumika. Akaigeuza, akafungua skurubu za feni, akakuna kwa ukucha.

"Nani amekuuzia hii takataka?"

"Shemasi."

"Basi omba!" Akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba kadi yenyewe ni kuukuu, mtu ameilisha jina la uongo ili kompyuta iamini. "Punda amevalishwa sare ya polisi, bwana. Wewe ukapiga saluti."

Sikumpenda. Akanitolea kadi nyingine, iliyotumika pia, fupi ya kuenea kwenye kompyuta nyembamba kama yangu. Hakuisifu hata kidogo. "Leta mashine hapa. Uione ikizunguka kwanza, ndiyo ulipe." Niliibeba kwenye basi ndani ya toroli la sokoni, watu wakinisonya njia nzima. Akaichomeka mbele yangu. Lori likaingia kipilefti kushoto, likatoka, laini kama linateleza juu ya mafuta. Akanitoza hadi skurubu. Nikalipa.

Nilizunguka vipilefti vya uongo mpaka mikono ikaacha kubisha. Mtihani nikapita. Van nikapewa.

Jumapili iliyofuata, kabla sijafungua mdomo, shemasi alikuwa ameshasimama. "Mnamkumbuka papa na ile kadi? Amepita!" Vigelegele tena, na mimi naona kabisa anavyotazama ni nani atakayenunua. Nikainuka na ile takataka mkononi. "Hii ndiyo kadi yake. Ni feki. Nilipita kwa ya Mhindi." Mchungaji akaashiria kwaya. Wakaanza kuimba juu ya sauti yangu, kinanda kikaongezwa. Niliendelea kusema mpaka koo likauma, sijui nani alisikia.

Mama mmoja alisikia. Anafanya usafi maofisini, alikuwa amemnunulia mwanawe kadi kwa shemasi. Alinikamata mlangoni.

"Kwa hiyo na ya kwangu?"

"Na ya kwako, mama. Nenda kamshike shemasi."

"Shemasi hakunishawishi. Mimi nilinunua kwa mdomo wako."

Masikio yaliniwaka. Nilitaka kumwambia maneno ambayo hayasemwi kwenye mlango wa kanisa. Kwaya bado ilikuwa inaimba, na shemasi alikuwa anapita na kikapu cha sadaka.

"Kalete mashine yako," nikamwambia. "Twende Small Heath. Na yule mzee atakucheka, ujiandae."

"Acheke," alisema. "Wewe ndiye utakayeibeba."